Karata ya Mwanamume Aliyegeuka

Devotha, msusi wangu, aliacha kunisuka akafunua karata moja ya tarot, zile za kupigia ramli. Nilikuwa nimemwomba aniangalizie kama mume wangu ananipenda, maana miaka tisa hajawahi kulitamka neno hilo.

"Huyu ni Orfeo wa Wagiriki," alisema. "Alimfuata mkewe kuzimu. Akaruhusiwa kumtoa, ila atangulie na asigeuke nyuma. Akageuka, akampoteza. Pole, dada."

Nilitazama kovu kwenye mkono wangu, mistari minne ya kucha.

"Masika iliyopita tulivuka korongo kule Bonga, kwao mume wangu," nilimwambia. "Yeye mbele, mimi nyuma. Kwao mwanamume akigeuka kumtazama mkewe njiani, wenzake humcheka. Maji yakanibeba ghafla, hata sauti haikutoka. Akanidaka hapa."

"Kama hukupiga kelele, alijuaje?"

Sikuwahi kujiuliza.

Nilipitisha kidole juu ya kovu, mstari mmoja mmoja.

"Alikuwa ameshageuka," nilisema. "Nipe simu yangu, mdogo wangu. Hata asante sijamwambia."