Uvimbe wa Siwema

Binti yangu Siwema alinishika kidole gumba akakikaza mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Mzee, uvimbe wa maji kama huu mara nyingi huisha wenyewe," alisema daktari wa pale Mbeya. "Lakini wa binti yako ni mkubwa, na umejisokota pamoja na ovari. Damu haipiti. Inabidi tumpasue sasa hivi."

Mama yake alipovimba tumbo, wakubwa wa zahanati walimwambia rudi kesho, rudi wiki ijayo, mpaka nikamzika. Leo wakubwa hawa wana haraka. Nimwamini nani?

"Ngoja kwanza niwaambie wakwe wa Madibira," nikasema, huku nabonyeza simu. "Posa wameshaleta. Wakisikia kizazi kimeguswa na kisu bila wao..."

"Haya baba, wapigie," Siwema akasema, jasho linamtiririka. "Na mama naye mpigie, umwambie tunasubiri."

Simu ilikuwa imeshaanza kuita.

Akamgeukia daktari. "Mimi nimekubali. Nipelekeni."

Kitanda kikaanza kusukumwa, na mkononi mwangu mkwe akawa anaita, haloo, haloo.