Nukta Arobaini na Mbili

Simu iliita mpaka ikakata yenyewe. Bi Ramani akabonyeza tena namba ya mama yake, jicho moja likiwa kwenye kompyuta.

"Ya ngapi hiyo?" aliuliza Miwani, mwenzake wa meza ya pili.

"Sihesabu. Mama huwa hasikii simu. Anaiviringisha kwenye kitambaa, anaitia chini ya nguo, basi tena. Hata siku za heri humpati mpaka jirani amwambie simu inalia."

Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Ulikuwa mwaka wake wa sita katika ofisi ile ya misaada. Kazi yake ilikuwa kusoma takwimu na ramani, kisha kusema: watu wako hapa, msaada uende hapa. Jina la Bi Ramani alipewa na madereva, maana wakipotea njia humpigia yeye.

Safari hii maji yalikuwa yamemeza bonde la kwao mwenyewe. Siku ya tatu sasa. Barabara imekatika, boti zimeshindwa na mkondo. Helikopta ilikuwa moja tu, mafuta yake ya kwenda mahali pamoja na kurudi, na wingu linashuka. Ikishatua leo, kuruka tena ni mpaka hali itulie, na hakuna aliyejua itatulia lini.

Mkuu wa ofisi aliingia bila kubisha hodi.

"Haya mwanangu, rubani yuko tayari. Nimwambie aende wapi?"

"Kilimani."

Akamwonyesha. Kampuni ya simu ilikuwa imewapa orodha ya simu zote zinazoshika minara ya kule, na saa zake. Yeye alizigeuza nukta kwenye ramani. Siku mto ulipovunja kingo, nukta zilikuwa bondeni. Kufika saa kumi alasiri, nukta arobaini na mbili zilikuwa zimehamia mnara wa kilimani, zote pamoja, bila hata moja kuchelewa. Tangu hapo hazijasogea. Bondeni zilibaki tatu, nazo zilizimika jana.

"Kijiji kizima kimepanda mlima kwa mpigo mmoja?" Miwani alidakia. "Hata mama yako, na goti lile?"

"Maji yakikufuata nyuma utasahau kama una goti."

"Na chaji je? Huko kwenu umeme wenyewe haujafika."

"Simu zao ni vitochi hivyo. Kitochi kinakaa na chaji wiki nzima. Usinichoshe."

Mkuu hakucheka. Aliinama karibu na kioo. "Mama yako ni nukta ipi hapa?"

Bi Ramani aliweka kidole kwenye kioo. "Hii."

"Usinielewe vibaya mwanangu. Ungekuwa huna mtu kule, ungesema kilimani?"

"Nimeipiga hesabu mara tatu, Mkuu. Mara ya tatu nikaiondoa nukta yake. Zimebaki arobaini na moja kilimani, na bondeni sifuri. Jibu ni lile lile."

Alisema kweli. Alikuwa ameifuta nukta ya mama yake kwa mkono wake, akakaa akiitazama nafasi iliyobaki, kisha akairudisha haraka.

"Mkuu, hebu njoo na huku," alisema Miwani. Kazi yake yeye ilikuwa kusoma picha za setilaiti. "Hii ni ya asubuhi. Wingu limefunika nusu, lakini bati la shule ya bondeni linaonekana. Mnaona juu yake? Kuna vidoa."

Bi Ramani alimpita Mkuu, akaikaribia picha mpaka pua ikagusa kioo.

"Hivi vinaweza kuwa mbuzi. Vinaweza kuwa matope, majani, takataka za mafuriko. Umewahi kuniletea vidoa tukapeleka maji kwa marundo ya mkaa, umesahau?"

"Sijasahau. Nasema ninachokiona."

"Madoa si watu, Miwani. Simu ndiyo watu."

Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. Miwani alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaiangalia picha tena.

Mkuu alitazama saa ya ukutani, akawatazama wote wawili, kisha akachukua redio. "Kilimani," alimwambia rubani. "Wako arobaini na mbili, huenda na zaidi. Anza na watoto na wazee."

Saa nzima ikapita hivyo. Bi Ramani alimimina chai asiinywe. Alipanga kalamu, akazipangua. Alikwenda chooni akarudi bila kufika. Alipiga simu, ikaita ikakata. Akaiweka mezani kifudifudi, akaigeuza, akapiga tena.

Ikapokelewa.

"Mama!" Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mama, mmeiona helikopta? Mama, wewe panda wa kwanza, usiwape wengine nafasi, umenisikia? Mama?"

Upande wa pili ulikuwa upepo mtupu na mngurumo wa mashine. Kisha ikaja sauti ya mwanamume. Rubani.

"Dada Ramani, ni wewe? Imelia mbele yangu nikaona nipokee. Huku juu kuna mtu mmoja tu, fundi wa kuchaji simu, na paneli yake ya jua, na gunia la simu za wateja wake alilokimbia nalo kutoka bondeni. Anasema zimelia siku zote tatu, hakupokea hata moja, ni amana za watu. Anauliza hao wenye simu tuliwatoa bondeni saa ngapi."