Kava ya Lori la Muindi

"Sitaki kuambiwa mtafika haraka," mzee Kaveke alisema, akigonga meza kwa kidole. "Nataka kuambiwa dereva hatagusa jeki."

Yvonne alikuwa akiuza kava ya tairi, yaani bima ya kuletewa fundi tairi likipasuka njiani, katika kibanda kidogo cha kituo cha mafuta, hapa Sultan Hamud. Wenye malori waliokuja kwake waliuliza bei, wakapiga kelele, wakaondoka, kisha wakarudi. Huyu hakuuliza bei. Alikuwa amekataa kiti, na sasa alisimama mbele yake kama mtu aliyekuja kudai shamba lake.

"Mzee, fundi wetu akichelewa, madereva wengi hujifanyia wenyewe. Wanalegeza nati, wanaanza kuinua..."

"Hapana. Tairi ikipasuka, dereva anatoka barabarani kabisa, anakaa mbali. Fundi wenu anakuja na gari la taa, analiweka nyuma yake, halafu ndiyo anainama. Mtu wa nyumba yangu hatapiga magoti kwa ile lami tena."

Tena. Hapo ndipo Yvonne alipomtambua. Muindi, yule aliyekuwa akipeleka maembe ya Mbooni hadi Mombasa, aligongwa mwaka jana mbele ya Mtito Andei akibadilisha tairi kando ya lori lake. Huyu ndiye baba yake.

Jicho moja la mzee lilikuwa na ukungu mweupe.

"Mzee, pole sana," Yvonne akasema kwa upole. "Lakini hiyo lori si ungeiuza tu?"

"Kila mtu ananiambia hivyo."

Mlango ukasukumwa. Aliingia mwanamume mnene wa makamo, akihema, koti lake limejaa vumbi la bodaboda.

"Baba, twende nyumbani. Wazee wa ukoo walishasema hiyo lori nichukue mimi."

"Nyamai, ukoo haukununua hata nati moja ya ile lori. Na pikapu niliyokupa wewe iko wapi?"

Nyamai alimgeukia Yvonne. "Dada, usimsikize. Mpaka kanisani wanatucheka. Barabara ya Mombasa, matrela kila upande! Ile kazi iko na wenyewe."

"Wacheke," Kaveke akasema. "Wakichoka, watakula maembe."

"Na ikipasuka kule Tsavo, kwa ndovu?"

"Ndiyo maana niko hapa na siko kwa ukoo."

Yvonne akaomba nafasi, akatoka nje na simu. Bosi wake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ni mzee kiasi gani?"

"Amezeeka."

"Basi mwambie mtandao umekataa. Atachoka kungoja, aende zake."

Lilikuwa jambo rahisi kusema. Yvonne aliwahi kulisema siku nyingine, kwa watu wengine, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Aliporudi ndani, mzee alikuwa bado amesimama palepale.

"Bosi wako amekataa," Kaveke alisema.

"Amekataa."

"Na wewe?"

Yvonne alimtazama, akamtazama na mwanawe aliyekuwa tayari ameshika mlango. Mzee huyu hangerudi nyuma, awe na kava au asiwe nayo. Lori lingeteremka na maembe yake mpaka Mombasa, na siku moja tairi lingepasuka, na mtu angetoka na jeki. Wakala kama yeye akishakagua matairi na leseni, kava inaanza hapohapo. Bosi angepiga kelele baadaye.

"Twende unionyeshe tairi," akasema.

"Dada!" Nyamai akafoka.

Lori lilikuwa limeegeshwa nyuma ya pampu, limejaa hadi juu, turubai limefungwa kwa kamba. Yvonne alilizunguka akipiga picha. Matairi yote yalikuwa mapya, mpaka lile la akiba.

"Hizo ni ng'ombe zangu zote nilizouza, unaona hapo chini," Kaveke alisema.

"Baba, fikiria watoto wa Muindi!" Nyamai alimfuata nyuma. "Wamezika baba. Unataka wazike nani sasa?"

Mzee alisimama. Alishika ubao wa lori, akavuta pumzi.

"Nimewafikiria usiku na mchana," akasema. "Wanakula kwa hii lori. Wanasoma kwa hii lori. Ikienda kwako, Nyamai, itawalisha nani?"

Nyamai aliangalia pembeni, kule barabarani.

Yvonne alifuta vumbi kwenye kioo cha simu yake. Alijua kazi yake ingeweza kuishia hapa, kwa ajili ya mzee mwenye jicho moja zima, na bado hakutaka kurudi nyuma.

"Nimebakisha leseni, mzee. Na ujue mpango huu ni wa mwenye gari anayeendesha mwenyewe. Jina la kwenye leseni lazima liwe la mwenye gari."

"Ndivyo lilivyo," Kaveke akasema, akagonga mlango wa dereva kwa ngumi.

Mlango ukafunguka. Akashuka mwanamke aliyevaa ovaroli iliyomzidi mabega, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko, akamkabidhi Yvonne leseni yake.

"Mbithe," akasema. "Mke wa Muindi."

Mzee Kaveke alikuwa ameshazunguka mbele ya lori, akipanda polepole kwenye kiti cha abiria.