Wajukuu Saba, Taa ya Kijani

Msimamizi wa mtihani wa kunasa ujumbe wa redio alisema, "Anza," na Bibi akafumba macho badala ya kubonyeza kitufe.

Wenzake wote wa darasa la jioni walikuwa wamebonyeza papo hapo, wakapata taa nyekundu. Mtambo wa kurushia mawimbi hukawia kidogo baada ya amri. Ukiwahi, kipokezi chako kinanasa kelele tupu. Ukichelewa, ujumbe umeshapita. Bibi alikuwa akiikosa nafasi hiyo mwaka wa tatu sasa.

Safari hii aliwaombea kwanza wajukuu wake saba, mmoja mmoja kwa jina. Akasema amina, akabonyeza. Taa ikawaka kijani.

"Bibi kauloga mtambo!" akaropoka fundi simu aliyekaa nyuma.

"Ulisubiri kiasi gani?" msimamizi akauliza.

"Wajukuu saba, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Msimamizi hakucheka. "Haya, rudia. Ukipata tena, cheti ni chako. Ukikosa, tuonane mwakani."

Kabla hajatoa amri, mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Mkwe wa Bibi akachungulia, jasho likimtiririka. "Mama! Binti yako amejifungua salama! Mapacha!"

"Funga mlango," msimamizi akasema. "Anza."

Bibi akaweka kidole juu ya kitufe, akafumba macho. Midomo ikaanza kucheza. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipomaliza wa saba, kidole hakikushuka.

"Na hao wawili wasio na majina bado, Bwana," akanong'ona, "wapokee kwa mkupuo mmoja."