Mpera wa Mwajabu

Tangu sheria ya mimea vamizi ipitishwe, roboti za hifadhi ziliingia uani kwa mtu bila hodi. Hidaya aliziunga mkono, maana yeye mwenyewe alikuwa aking'oa magugu yaliyosonga msitu wao wa Usambara.

Asubuhi hiyo roboti ilisimama mbele ya mpera wa Hidaya. Chini ya mti huo kilizikwa kitovu cha Mwajabu, binti yake aliyefariki akiwa mdogo.

"Mpera ni mmea vamizi," roboti ilisema. "Ndege hueneza mbegu zake msituni."

"Nitachuma mapera yote kabla hayajaiva! Niachie huu mmoja tu!"

"Hairuhusiwi."

Mumewe, Shemdoe, alimshika mkono. "Mama Mwajabu, tulia."

Mti uling'olewa pamoja na mizizi yake. Kwenye shimo roboti ikapanda mche wa mvule. Hidaya aliunyofoa, akauvunja na kuitupia roboti vipande.

Taa ya roboti ikawa nyekundu. "Kiumbe kinachoharibu mimea ya asili kimeonekana," iliarifu makao makuu ya hifadhi. "Naomba maelekezo."

"Haya, ning'oe na mimi!" Hidaya alifoka.

Roboti haikusogea. Ilikuwa ikisubiri jibu.