Kidole Chenye Unga

Begaiym alibonyeza, simu ikakataa. Kidole kilikuwa kimegandwa na unga wa mkate.

Ulikuwa mwezi wake wa pili katika mji wa Osh, katika chumba cha kupanga na kazi ya kuoka. Mtu asiyemjua alikuwa amebandika uso wa Begaiym kwenye picha ya mwanamke aliye uchi. "Nitumie picha zako za kweli kabla ya adhuhuri," aliandika, "la sivyo hii naimwaga kwenye kundi la kijiji chenu." Kundi lile lilikuwa na watu mia tatu, baba yake akiwamo.

"Mfute, unyamaze," alisema mwanamke aliyekuwa akioka naye. "Watu watasema nini?"

"Waseme, dada. Ila wasikie kwangu kwanza."

Akafuta kidole kwenye aproni, akafungua kundi la kijiji na kushikilia kitufe cha kurekodi sauti.

"Jamani, ni mimi, Begaiym. Kuna mtu anataka kuwaletea picha chafu yenye uso wangu. Si mimi. Ikifika, msiisambaze. Meseji zake zote ninazo, naenda nazo polisi."

Akaachia.

"Bado dakika kumi," yule mtu aliandika.

"Nimeshakutangulia," alimjibu.

Wote wawili wakainamia simu. Mkate ukaanza kunuka kuungua, na hakuna aliyeutoa tanurini.

Kisha ikaingia kundini sauti ya baba yake, ambaye hakuwahi kusema neno mle tangu kundi lifunguliwe. Kondoo walikuwa wakilia nyuma yake. Alikohoa kwanza.

"Mwanangu, nimekusikia," alisema mbele ya kijiji kizima. "Namba ya huyo mbwa ni ngapi?"