Syombua Aliye Mezani

Kiti kilimvunjikia Mwendwa mgongoni kabla hajageuza shingo. Alianguka chini na kibodi yake, na Bartholomew akamkalia kifuani vile anavyomkalia mbuzi.

"Rudisha pesa yangu! Mwizi wewe!"

Kaloki, mwenye saiba, alichomoka nyuma ya pazia ilikokuwa kompyuta yake mwenyewe, akamshika mchinjaji mabega. Ilikuwa kama kumshika fahali mkia.

"Mwache, Bartholomew! Huyo anasoma barua ya dada yake. Hata poka hajui!"

Saiba zingine za Machakos ziliuza dakika za intaneti. Kaloki aliuza akili. Kampuni fulani ya ng'ambo ilimpa kila mgeni dola hamsini za bure, bora ajifunze poka, karata za kamari za mtandaoni, na apite mtihani mdogo. Kitambulisho kimoja, zawadi moja, na jina la kitambulisho ndilo lililotokea mezani kwenye skrini, pamoja na mji. Basi Kaloki akawafundisha makanga, waashi na wachuuzi kanuni yake: karata mbovu tupa, za katikati tupa, ukipata kingi mbili au ase mbili, sukuma pesa zote.

Bartholomew aliishika kanuni kama sala. Zile hamsini zilizaa, zikazaa tena, hadi zikatosha kumfungulia bucha yake mwenyewe, yeye aliyewachinjia watu mbuzi wao tangu ujana.

Leo zote zimeliwa.

Alisukuma kidole kwenye skrini. "Soma hapa. Syombua Mutua, Machakos. Si ni hapa hapa?"

"Na mimi naitwa Syombua?" Mwendwa alitema damu. "Angalia ndevu, bwana!"

Mtu alicheka kule pembeni, akanyamaza upesi.

"Huyo mama ni jini," Bartholomew alisema, akihema. "Nikiwa na mbovu, anapandisha dau, natupa. Nikiwa na kingi, anatoroka. Kila saa! Mwishowe hasira ikanishika, nikasukuma zote na takataka mkononi."

Mwendwa alijipangusa pua. "Basi amefundishwa na mwalimu wako."

Bartholomew aligeuka polepole. Kisu kilishatoka kiunoni, kile cha kazi, kilichonolewa hadi kikawa chembamba kama jani la muwa. Ncha yake ikatua kooni mwa Kaloki.

"Mwalimu. Unamjua huyu mama?"

Kaloki alihisi tone la damu likiteremka hadi kwenye kola.

"Simjui," alisema. "Nakuapia Mungu, simjui."

Kisu kikabaki palepale kidogo, kisha kikarudi kiunoni. Bartholomew akaupiga mlango teke, akatoka.

Kaloki alimpa Mwendwa pamba na saa nzima ya bure. Akafagia vipande vya kiti, akaingia nyuma ya pazia, akaizima mashine. Muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, aliofungiwa na mkewe alfajiri kabla ya mke kwenda soko la Kyumbi na nyanya zake, aliusukuma kando. Alijiambia hasira ya mchinjaji ni moto wa majani makavu, hauchelewi kuzimika.

Alasiri mlango ulifunguka. Bartholomew alikuwa na damu hadi viwikoni. Hakuna aliyeshtuka, kila siku hupita mjini hivyo hivyo. Alivuta kiti, akaketi mbele ya Kaloki, ametulia kama mtu aliyetoka misa.

"Pole kwa ya asubuhi, mwalimu. Nimempata."

"Umempata nani?"

"Syombua. Nimeuliza tu kwa soko, wakanionyesha. Anauza nyanya pale Kyumbi." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Mama mgumu sana. Mpaka mwisho alikuwa anaapa hajawahi kushika karata. Nikamwambia atoe kitambulisho nione jina, akasema hana, bwana yake alikichukua mwezi jana na hakumwambia cha nini."